Sura ya Saba: Jozi ya Kumi na Mbili

Mhudumu wa mochwari hakuwa mtu wa salamu ndefu. Aliwaona Inspekta na Koplo wakishuka garini, akageuka na kuingia ndani bila kuwangoja, wao wakafuata harufu ya dawa hadi chumba cha mwisho.

"Leo mmekuja kumchukua au kumtazama tena?" akauliza.

"Kumtazama," Inspekta akajibu.

"Mtazameni basi. Kesho saa nne asubuhi manispaa wanakuja na gari lao. Kila Jumatano wanazika wasio na wenyewe, na safari hii huyu naye yumo. Jokofu langu moja limekufa, Inspekta. Wiki nzima nimekuwekea. Zaidi ya hapo utanionea."

Inspekta akasema asante. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Magoti yalimsumbua kwenye kila ngazi, na kazini walimwita Mama Faili kwa sababu katika miaka thelathini na moja hakuna jalada lililowahi kupotea mkononi mwake. Zamani jina hilo lilimpendeza. Siku hizi akiitwa hivyo husikia uchovu tu.

Nyuma yake Koplo alikuwa bado na simu sikioni. Koplo ni baba wa mapacha, ana masharubu anayoyatunza kuliko viatu vyake, na mkewe humpigia kila baada ya saa moja kujua yuko wapi.

"Niko kazini, mama watoto. Niko na mwenzangu. Eee, mimi na mwenzangu, tunamalizia kitu hapa. Haya, haya." Akakata.

"Mkeo anajua kwamba huyo mwenzako ni bibi wa wajukuu wanne?" Inspekta akauliza.

"Hajauliza, afande."

"Siku akiuliza usinitaje. Sina nguvu za kugombana na mtu."

Mhudumu akafunua shuka. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, mwembamba, mwenye pengo dogo katikati ya meno ya mbele. Mfyatua matofali alimkuta alfajiri ya Jumanne iliyopita kando ya barabara ya machimbo ya udongo, amelazwa chali, mikono imekunjwa kifuani. Daktari alikuwa ameandika mistari mitano tu: hakuna jeraha la kupigwa, hakuna sumu, mapafu yamevimba kwa hewa iliyoshindwa kutoka. Pumu. Alikufa Jumatatu, kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo marehemu alimfia mtu mikononi mchana kweupe, na mtu huyo akampeleka machimboni akamtupa. Hilo Inspekta alilijua tangu siku ya kwanza. Asilolijua ni nani.

Akaipitia tena miguu. Alikuwa peku, lakini nyayo hazikuwa na vumbi, na barabara ile ni vumbi tupu. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, imejikunja, ya mtu anayeshinda majini. Viganja vilikuwa hivyohivyo. Kwa sababu ya ngozi hiyo walikuwa wameshazunguka jikoni za hoteli nne na kiwanda cha samaki, na kote waliambiwa hakuna mfanyakazi aliyepotea. Chini ya kucha, nne kati yake zikiwa zimevunjika, kulikuwa na rangi ya kijivu.

"Tumeshayaona yote haya," Koplo akasema.

"Gauni tumelitazama nje. Ndani je?"

Inspekta akalitoa gauni kwenye mfuko, akaligeuza, akalifuata pindo kwa kidole gumba. Karibu na mshono wa nyuma kulikuwa na uzi mwekundu, msalaba mdogo na nukta pembeni yake. Walikuwa wameupita mara mbili wakidhani ni kiraka.

"Hiyo?" Mhudumu akasema. "Alama ya dobi hiyo." Akainua ncha ya shuka aliyokuwa ameikamata. Kwenye kona kulikuwa na mistari mitatu ya uzi uleule. "Mashuka yetu yanafuliwa kile kiwanda cha nyuma ya maegesho ya malori. Wanatia uzi ili yasichanganyike na ya hoteli. Ya kwetu mistari mitatu."

"Na gauni la mtu binafsi?"

"Labda anafulia hukohuko. Mashine ya bure nani aikatae?"

Inspekta alibaki amelishika lile shuka. Huenda marehemu alilifua mwenyewe, akalikunja, wakamfunika nalo. Wazo hilo lilimuuma, akaona bora afanye kazi. Akafungua jalada, akachomoa kamba yake ya kufungia, akapima unyayo wa marehemu toka kisiginoni hadi ncha ya kidole, akapiga fundo.

*

Kiwanda cha kufulia kilikuwa jengo refu la mabati lililofuka mvuke kila upande. Mlangoni kulikuwa na rafu ya viatu, na juu yake maandishi ya chaki: VUA HAPA, SAKAFU NI MAJI. Rafu ilikuwa na vyumba thelathini. Jozi zilizokuwemo zilikuwa tisa.

Meneja alikuwa mtu mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, na kabla hawajamaliza salamu akaanza.

"Wafanyakazi wangu wote wana vitambulisho, afande. Wote kabisa."

"Sijauliza vitambulisho."

"Nasema tu."

"Mashine ngapi mnazo?"

"Nane."

"Zinazozunguka naona tatu. Nyingine mbovu?"

"Nzima. Ila watu wako likizo."

"Wote kwa mpigo?" Koplo akadakia. "Nitafutie kazi hapa, bosi. Mimi likizo yangu ya mwisho mapacha hawajazaliwa."

Meneja hakucheka. Inspekta alikuwa amekwisha kumwacha, anatazama ndani. Akina mama wachache walikuwa wanasukuma matoroli, peku. Kwenye meza ya kunyooshea alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, aproni ya buluu. Wenzake walimwita Mama wa Pasi. Pasi yake ilikuwa imesimama palepale juu ya shuka, na harufu ya kuungua ilianza kupanda.

"We! Unaunguza mali ya watu!" Meneja akafoka.

Mama wa Pasi akashtuka, akainua pasi. Mkono wake wa kushoto haukutoka mfukoni mwa aproni.

"Viatu vya walio likizo viko wapi?" Inspekta akauliza.

"Si wamekwenda navyo?"

Koplo tayari alikuwa chini ya ngazi, anavuta gunia. Akalimimina uani: malapa, raba, viatu vya mpira, vumbi likatimka. Akachuchumaa, akavipanga jozi kwa jozi kama muuza mitumba, akihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na mbili gunia lilikuwa tupu.

Meneja akaishiwa pozi.

"Kikosi cha Mpaka walikuja," akasema. "Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi. Wakaziba milango yote miwili. Waliwatoa hivyohivyo, miguu mitupu, mikono ina povu. Wakaniambia na mimi niko matatani, ninyamaze. Nimenyamaza."

"Walichukua wangapi?"

"Sikuhesabu, afande. Nilikuwa natetemeka."

Inspekta akainama kwa shida, akipitisha kamba yake kwenye jozi moja moja. Nyingi zilikuwa kubwa, mbili zilikuwa ndogo. Jozi ya mwisho ilikuwa ndala za ngozi zilizokwisha kuchakaa, na kamba ikalala ndani yake sawasawa, kisigino kwa kidole. Ukanda wa kulia ulikuwa umekatika ukashonwa kwa uzi mwekundu. Mwisho wa mshono, msalaba na nukta.

"Hizi za nani?"

Meneja akajikuna shingo. Aliyejibu alikuwa Mama wa Pasi, bila kuinua macho. "Kicheko. Tulimwita Kicheko. Alikuwa akianza kucheka anacheka mpaka anakosa pumzi."

"Siku ile wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa naumwa. Sikuja."

Inspekta alijua ni uongo, na alijua pia kwa nini. Hakumbana. Alimwambia Koplo aandike hati ya kuchukua viatu vyote, na ile jozi moja aifunge peke yake.

*

Hakimu alisaini kibali cha upekuzi saa sita. Saa saba walikuwa ofisini kwa Kamanda wa zamu wa Kikosi cha Mpaka, mtu nadhifu, chupa ya chai pembeni, karatasi zimenyooka mezani.

"Mama Faili! Unastaafu lini tuje kula keki?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita mlivamia kiwanda cha kufulia."

"Tulikagua."

"Mkachukua wangapi?"

Akavuta orodha bila hata kutafuta. "Kumi na mmoja. Saa kumi jioni tumewavusha, upande wa pili wamesaini. Kumi na mmoja wametoka, kumi na mmoja wamepokelewa."

"Orodha hii iliandikwa saa ngapi?"

"Wakati wa kuvusha."

"Nataka ya asubuhi, ya wakati wa kuwapakia."

"Asubuhi hatuandiki. Tunapakia, tunakuja kuhesabu hapa."

"Na toka saa tatu mpaka saa kumi walikuwa wapi?"

"Garini. Mahabusu ilikuwa imejaa."

"Saa saba nzima juani, ndani ya karandinga la bati?"

"Lina matundu," Kamanda akasema. "Mbona unaniuliza kama mtu wa gazeti?"

Inspekta akamwekea kibali mezani, wakatoka uani. Karandinga lilikuwa limeegeshwa palepale linapoegeshwa siku zote, hakuna hata kivuli cha mti. Ndani kuta zilikuwa za kijivu, kuukuu, zimechubuka. Upande wa ndani wa mlango ulikuwa wa kijani kibichi. Koplo akaugusa, kidole kikanata.

"Gari zima kuukuu, mlango mpya?"

"Kulikuwa na kutu."

Inspekta akatoa kisu chake kidogo. Akaikwangua rangi ya kijani taratibu, kipande cha ukubwa wa kiganja, chini usawa wa kiuno cha mtu aliyepiga magoti. Rangi ya kijivu ikatokea. Ilikuwa na mikwaruzo, minne minne, sambamba. Akazikusanya chembe katika bahasha, akaandika tarehe na saa, akamwita Koplo atie sahihi.

"Alifia hapa," akamwambia Kamanda. "Mkaandika kumi na mmoja, wa kumi na mbili mkampeleka machimboni."

Kamanda akatazama uani kama kuna mtu anasikia. Kisha uso wake ukabadilika, akawa mtu aliyekumbuka kwamba ana silaha.

"Usinitazame hivyo, Mama Faili. Ninyi wenyewe mlituuliza siku ileile, tukawajibu."

"Nani alikuuliza?"

"Simu ya kituoni kwenu, saa tano kasoro dakika kumi. Mnaye mwanamume mwenye pumu? Nikamtuma askari. Akawatazama wanaume wote, sita, wazima. Tukajibu wazima. Wanawake hamkuuliza."

"Na mwanamke aliyekuwa anagonga mlango? Askari wako hakumsikia?"

"Huwa wanagonga wote."

Inspekta akashika ukingo wa karandinga. Bati lilikuwa la moto, likamchoma, na bado hakuuachia. Saa tano kasoro dakika kumi, Jumatatu. Aliikumbuka simu ile. Aliikumbuka kwa sababu ndiye aliyeipiga.

*

Kitabu cha matukio cha kituo kilikuwa kwenye kaunta. Aliufungua ukurasa wa Jumatatu akiwa amesimama. Mwandiko wa askari wa zamu ulikuwa safi, wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali:

*Saa 4:20 asubuhi. Mwanamke apiga simu. Mume wake amekamatwa na Kikosi cha Mpaka, ana pumu, dawa imebaki kwa mke. Hakutaja jina.*

Chini yake kulikuwa na mwandiko mwingine, mkubwa, uliolala kulia:

*Saa 4:50. Nimeuliza Kikosi. Wanaume wote wazima. Limefungwa.*

Na sahihi yake. Wiki nzima alikuwa anamtafuta muuaji wa mwanamke yule, na jibu lilikuwa limelala kaunta, limeandikwa kwa kalamu yake mwenyewe.

Askari wa zamu akaitwa. "Aliyepiga simu alisema *mume wangu*?" Inspekta akamuuliza.

"Ndiyo, afande." Akafikiri. "Yaani, alisema mwenzangu."

"Tuwekee rekodi ya simu."

Kwenye rekodi sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayejificha. Nyuma yake kitu kilikuwa kinapumua mvuke, fsss, kinanyamaza, fsss.

"Halo, polisi? Mwenzangu amechukuliwa na watu wa mpaka. Ana pumu. Pampu yake ninayo mimi, imebaki huku. Naomba mmpelekee. Au mniambie niilete wapi, nitailaza hapo nje niondoke."

"Jina lako nani?"

Fsss.

"Jina lako, dada. Bila jina siwezi kuandika."

Simu ikakatwa.

Askari wa zamu alikuwa amekodolea macho sakafu. Koplo akajaribu kumtetea. "Lakini afande, mwanamke akisema mwenzangu, si mumewe huyo? Mtu yeyote angeandika hivyo."

"Kila siku unamwambia mkeo uko na mwenzako. Mimi ni mume wako?"

Koplo akazima rekodi.

"Saa nne na dakika ishirini," Inspekta akasema. "Daktari anasema kabla ya adhuhuri. Alikuwa hai, Koplo. Pampu ipo, gari lipo, kutoka hapa mpaka uani kwao ni dakika kumi na mbili. Ningesema tu *mtu* mwenye pumu. Lugha yetu yenyewe ilikuwa imeniachia nafasi."

"Hukujua, afande."

"Sikuuliza. Ilikuwa karibu na saa ya chai, nikaona wazima, nikafunga."

*

Inspekta alirudi kiwandani peke yake, saa kumi na moja jioni, akapitia nyuma ambako mashuka yalikuwa yameanikwa safu kwa safu. Mama wa Pasi alikuwa anaanua. Alimwona, akatazama uzio, akaona ni mrefu, akaendelea kuanua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeisikia sauti yako leo mara mbili. Asubuhi hapa, na mchana kwenye rekodi. Pasi yako nayo nimeisikia."

Mama wa Pasi akalikumbatia shuka kifuani. Tangu ndala zilipopimwa kwa kamba alikuwa ameshajua kwamba Kicheko hayuko hai. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa aproni akatoa kipampu cha kuvuta dawa, cha buluu, kifuniko kimepasuka. Kilikuwa cha moto kwa kushikwa.

"Asubuhi ile aproni yake ililowa," akasema. "Nikampa yangu, nikavaa yake. Pampu ikabaki mfukoni. Walipoingia mimi nilikuwa karibu na toroli la mashuka machafu, nikajitosa ndani. Nilimsikia ananiuliza kwa sauti, iko wapi, iko wapi. Sikutoka."

"Ni nani wako?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

"Kwenye simu ulisema mwenzangu."

"Ningesema mdogo wangu si mngejua na mimi ni wa hukohuko? Nilitafuta neno lisilosema natoka wapi." Akamtazama Inspekta usoni kwa mara ya kwanza. "Mlimtuma mtu?"

Inspekta angeweza kusema mengi. Angeweza kusema uchunguzi unaendelea. Miaka thelathini na moja ameyasema hayo.

"Tulipiga simu. Tukauliza kama wana mwanamume mwenye pumu. Wakasema hawana. Aliyeuliza ni mimi."

"Mwanamume?"

"Tulidhani ni mume wako."

"Alikuwa mwanamke," Mama wa Pasi akasema, taratibu, kama anamrekebishia mtu fomu. Akakaa juu ya furushi la mashuka. Machozi yalimtoka bila sauti, yakashuka mpaka shingoni, wala hakuyafuta. "Kumbe ni neno langu."

"Neno lako lilikuwa sahihi. Sisi ndio tuliolibadilisha."

Walikaa. Inspekta naye alijishusha juu ya furushi jingine, magoti yakalia. Upepo ulikuwa unayapiga mashuka yenye mistari mitatu.

"Kesho wanamzika," Inspekta akasema mwishowe. "Saa nne, kwa namba tu, bila jina. Ukienda kumtambua watataka kitambulisho. Ukija mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya Kamanda wao watataka kitambulisho. Nikikuahidi kwamba watu wa mpaka hawatakungoja nje, nitakuwa nakudanganya."

"Mtoto wake ninaye mimi. Ana miaka minne, nimemfungia chumbani tunapolala. Wakinichukua nani atamfungulia?" Akavuta pumzi. "Sitaki kesi, mama. Kesi ni yenu. Mimi nataka asizikwe kama mbwa aliyegongwa. Ana jina."

Jina lilikuwa kwenye karatasi ya duka la dawa iliyobandikwa ubavuni mwa pampu. Inspekta akavaa miwani akalisoma kwa sauti.

"Hapana," dada mtu akasema. "Irabu ya mwisho inavutwa."

Akalirudia. Dada akatikisa kichwa. Akalirudia tena, akiivuta mwishoni, na safari hii dada alifumba macho akaitika kwa niaba yake.

Inspekta akatia pampu katika bahasha. Juu yake, mahali pa kueleza kielelezo kimepatikana wapi, aliandika: *Imetolewa na mtu aliyepiga simu. Hakutaja jina.* Ilikuwa kweli tupu.

*

Jumatano saa mbili asubuhi Koplo alimkuta Inspekta kituoni, kitabu cha matukio kiko wazi mbele yake. Chini ya ile sahihi ya Jumatatu alikuwa amejaza nusu ukurasa, maelezo ya nani aliuliza nini, saa ngapi, na nani alijibu nini. Hakufuta neno lolote la zamani.

"Shika," akamwambia, akimsukumia jalada. "Viatu, kamba, rangi, rekodi, pampu. Kuanzia sasa mimi ni shahidi. Mpelelezi ni wewe."

"Afande, wakilisoma hili watakuweka kando. Miezi miwili tu imebaki!"

"Najua imebaki mingapi. Bila maelezo haya Kamanda atasema hakuwahi kujua kuna mgonjwa. Na mimi nitakuwa nimelifunga mara ya pili."

Koplo akalichukua jalada kwa mikono miwili. Simu yake ikaita mfukoni. Hakuipokea.

Saa tatu na nusu Inspekta alikuwa mochwari, amevaa nguo za nyumbani. Gari la manispaa lilikuwa limeshaingia, na wachimbaji wawili walikuwa wanavuta sigara kivulini. Ng'ambo ya barabara, pembeni ya ukuta, alisimama mwanamke wa mabega mapana amemshika mtoto mkono. Inspekta hakumpungia.

"Huyu haendi na manispaa," akamwambia Mhudumu. "Namchukua mimi. Kaburi nimeshaombea, na jina lake hili hapa."

Mhudumu akalisoma jina, akamtazama, akaamua kutouliza. Akamtolea fomu. Inspekta akajaza jina la marehemu kwa herufi kubwa, akajaza la kwake, akaandika namba ya kitambulisho chake. Mstari wa nne uliuliza uhusiano na marehemu. Hapo kalamu ilikaa kidogo. Kisha akaandika, akatia sahihi, akaisukuma karatasi.

Mhudumu akaivuta karibu na dirisha.

"*Mwenzangu*?" akasema. "Inspekta, hapa wanataka ndugu, mzazi, mume, vitu kama hivyo. Nikuwekee nini, shangazi?"

"Acha hivyohivyo," Inspekta akasema. "Usibadilishe."

Mhudumu akapiga muhuri, akaenda kulifungua jokofu.